Jembe Langu Halikuazimwa

Kazi yangu mjini Doha ni kupokea watu wa usiku mmoja. Wanatua Uwanja wa Ndege wa Hamad jioni, basi dogo linawaleta hotelini kwetu, na kabla ya alfajiri wameshaondoka kuelekea Bangkok, Johannesburg au Manchester. Nawapa kadi ya kufungulia mlango, naandika saa ya kuwaamsha, nawaonyesha lifti iliko. Wengi huuliza mambo mawili tu: chakula kinafungwa saa ngapi, na kuna nini cha kutazama kwa zile saa sita walizo nazo. Nawaelekeza Souq Waqif, au ufukweni wakazione taa za mji zikicheza majini. Kwa miaka mitatu nimejifunza kumtambua mpita njia. Nguo zake haziingii kabatini. Mkoba wake haufunguki wote. Akiketi, huketi ukingoni mwa kiti.

Siku moja niligundua kwamba nimeketi hivyo hivyo, ukingoni mwa kiti, sebuleni mwa mama yangu, chini ya vilima vya Sang'alo, Bungoma.

Niliondoka nyumbani Machi 2022. Qatar ilikuwa inajiandaa kwa Kombe la Dunia la Novemba, na hoteli zilikuwa zinatafuta watu wanaojua Kiingereza na wanaoweza kusimama saa nyingi. Mwaka mmoja kabla, Machi 2021, nchi hiyo ilikuwa imeanza kutumia mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mwajiri asiyetoa malazi na chakula anatakiwa kuongeza 500 za malazi na 300 za chakula. Nilipiga hesabu hizo kwenye karatasi nikiwa jikoni kwa mama: karo ya mdogo wangu, mabati, mbolea. Nikaona zinaingiliana. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi, simu ya mama hulia mlio wa M-Pesa kule Sang'alo. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Nikisikia tarakimu hiyo redioni hufikiria ile simu ndogo iliyofungwa kwa raba, na mama akiisogeza mbali na macho ili asome.

Saa ya Doha na saa ya Bungoma ni moja. Kabla sijaenda nilidhani jambo hilo lingenifariji, kwamba nikila chakula cha jioni mama naye atakuwa anakula. Lakini jua halifuati saa. Desemba, jua la Doha huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, wakati huo mama bado yuko shambani na ng'ombe hawajarudi. Mwezi Juni, kabla ya saa kumi na moja alfajiri jua la kule limeshachomoza, na kwetu jogoo wa kwanza ndiyo kwanza anajaribu sauti. Nilikuwa nikipiga simu gizani, mama anapokea mchana. "Mbona sauti yako ya usiku?" ananiuliza. Nilikuja kuielewa hamu ya nyumbani kwa njia hiyo. Saa inakuambia mko pamoja, dirisha linakuambia hampo.

Likizo yangu ya kwanza ilikuwa Desemba 2023. Tiketi niliyoimudu ilipitia Muscat, na kati ya ndege moja na nyingine kulikuwa na saa kumi na mbili. Kwa kuwa nilikuwa nimeomba viza mapema, nilipanda teksi hadi Mutrah. Kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa pili wa meza: mimi ndiye mpita njia mwenye saa chache. Nilitembea ukingoni mwa bahari, ngome ya Wareno ikiwa juu ya jabali, nikaingia sokoni kwenye moshi wa ubani na meza za halua. Na pale, mbele ya duka la kofia, nikasikia mtu akimwambia mwenzake, "Ngoja kidogo, nakuja sasa hivi."

Nilisimama kama aliyeitwa jina. Msemaji alikuwa mzee mwenye kanzu nyeupe na bakora. Nikamwendea nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akanitazama, uso ukafunguka. "Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?" Nikamwambia Kenya, Bungoma. Mombasa aliijua, Bungoma hakuijua. Nikamweleza kwamba ni magharibi kabisa, ukiendelea kidogo unaingia Uganda. Akanikaribisha kwenye benchi, akaagiza kahawa.

Alizaliwa Unguja, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka tisa, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Wakazunguka, wakaishi kwa jamaa huku na huku, hadi Sultani Qaboos alipochukua madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi kujenga nchi. "Nilikuja kwetu nikiwa siijui lugha ya kwetu sawasawa," alisema. "Kule tuliitwa Waarabu. Tulipofika hapa tukaitwa Wazanzibari." Sokoni mule nilikuta wazee kama yeye si mmoja wala wawili. Lugha iliyowafungulia milango ya urafiki ilikuwa Kiswahili, na wamekizeesha pamoja nao.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Huko kwenu mvua imekatika?" Nikasema ndiyo, Desemba kwetu ni ukavu, mahindi yako ghalani. Akatikisa kichwa akitazama bahari. "Mimi bado nauliza mvua ya Unguja," alisema. "Shamba halipo, lakini mvua naiuliza." Aliponisindikiza hadi kwenye teksi alinipa pakiti ya halua nimpelekee mama. Hakuniuliza jina, nami sikuuliza lake.

Mama aliila ile halua kwa kijiko, kidogo kidogo, wiki nzima. Lakini mapokezi aliyonipa ndiyo yaliyonihuzunisha. Nilikuta kiti kipya cha kitambaa kimewekwa kinachotazama mlango, kwa ajili yangu. Nilipotaka kuchukua mtungi niende kisimani, mdogo wangu aliunyakua. Nilipoingia jikoni nikaondolewa, moshi utanichafua. Jioni ya kwanza mama alichinja jogoo, na kwenye sahani yangu, juu ya ugali wa wimbi, akaweka firigisi.

Msomaji asiye wa kwetu huenda asione uzito wake. Kwa Wabukusu, kama kwa Waluhya wengi, firigisi ni ya mwenye mji, au ya mgeni wa kiume anayeheshimiwa. Zamani wanawake hawakula kuku kabisa. Baba alipokuwa hai, firigisi ilikwenda kwake bila mjadala, naye alikuwa akiikata vipande vitatu atugawie watoto kwa siri. Sasa ilikuwa mbele yangu, nzima. Mama alisimama akinitazama nile. Alikuwa ananiambia asante kwa karo, kwa mabati, kwa dawa za presha. Nilikula. Ilikuwa tamu, na kila nilipotafuna nilihisi nikisogezwa hatua moja mbali na nyumba ile. Mtoto wa nyumbani hapewi firigisi, hupewa sufuria akwangue ukoko.

Siku ishirini na moja zilipita hivyo. Majirani waliletwa kunisalimu, soda zikafunguliwa, nikapelekwa kuonyeshwa mabati niliyoyanunua. Nilirudi Doha nikiwa na hamu ya nyumbani kubwa kuliko niliyokuwa nayo kabla ya kusafiri, na sikuweza kumweleza mtu, maana nyumbani si nimetoka juzi?

Safari ya pili ilikuwa mwishoni mwa Aprili 2025, siku thelathini kamili, na njia yake ilipitia Addis Ababa. Tulitua jioni. Nilipotoka nje ya uwanja wa Bole baridi ilinipiga kifuani, nami nikaivuta kwa furaha. Addis iko juu sana, kiasi cha mita 2,350 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake jioni ina harufu ya mikaratusi, mti ulioletwa huko zama za Mfalme Menelik wa Pili na kuenea milima yote. Ni harufu ya Kitale. Ni harufu ya asubuhi za likizo kwa shangazi yangu, kuni zikipasuliwa nje.

Katika nyumba ndogo ya wageni nilikolala, mama mmoja alikuwa akikaanga kahawa mbichi juu ya jiko la mkaa, sakafu imetandazwa nyasi. Alinipa kikombe cha kwanza, nikashukuru nikainuka. Akaniashiria niketi. Kijana aliyejua Kiingereza akanieleza kwamba kahawa yao huandaliwa mara tatu kwa unga ule ule wa chunguni, ikizidi kuwa nyepesi. Cha kwanza ni abol, cha pili tona, na cha tatu kinaitwa baraka. Nikamwambia neno hilo ni letu pia, na maana ni hiyo hiyo. Kuondoka kabla ya baraka si adabu. Nikakaa.

Nilipouliza gari la kunirudisha uwanjani linakuja lini, mama yule alininyooshea kidole kimoja. Kijana akaanza kunieleza kwamba wao huhesabu saa kwa namna yao, lakini sikuhitaji maelezo. Saa moja asubuhi ya Waethiopia ndiyo saa moja asubuhi ya mama yangu, saa ya kwanza baada ya kucha. Baada ya miaka mitatu ya kuandikia wageni saa za kuamshwa kwa hesabu za kompyuta, nilikuwa mahali ambapo siku huanza jua linapoanza. Nililala usingizi mzito. Usiku ule nilijua kwamba ugeni wenyewe hauna ubaya. Kwa mama yule nilikuwa mgeni na nilifurahi kuwa mgeni. Uchungu ni kuwa mgeni mahali ambapo unajua kijiko kinawekwa wapi.

Mchana wake tulitua Nairobi. Kila nikipita pale uwanjani humkumbuka mwanasiasa Masinde Muliro. Watu wa umri wangu tunamfahamu kwa uwanja wa michezo wa Kanduyi unaobeba jina lake, lakini wazazi wetu wanakumbuka Agosti 14, 1992, alipotoka London, akatua Nairobi, akaanguka na kufariki papo hapo uwanjani, kabla ya kufika kwake. Miaka kumi na moja baadaye, Agosti 2003, Makamu wa Rais Michael Kijana Wamalwa alifia hospitalini London, akaletwa kuzikwa Kitale. Na siku hizi, kwa sisi wa Ghuba, hakuna mwezi tunaomaliza bila kuchangishana fedha za kumrudisha mwenzetu ndani ya sanduku. Ndiyo sababu abiria wa Kenya wakitua hupiga makofi, wengine wakafuta machozi. Kufika ukiwa hai, kwa miguu yako, ni jambo ambalo si kila mtu amepewa.

Nilipanda basi la usiku: Nakuru, baridi ya Timboroa, Eldoret, Moi's Bridge, na alfajiri tukaingia Kitale. Ningeweza kupitia Webuye moja kwa moja hadi Bungoma, lakini nilitaka kulala usiku mmoja kwa shangazi yangu, senge kwa Kibukusu, anayeishi Matisi. Tulisalimiana "mulembe" hadi mara nne, kila mara kwa sauti tofauti, kisha akanishika mikono na kuigeuza viganja juu. "Laini," akasema, hakuongeza.

Senge ana ekari mbili nje ya mji. Sisi tumekuwa wahamiaji wa Kitale kabla hatujawa wahamiaji wa Ghuba. Reli ya kutoka upande wa Eldoret ilifika Kitale mwaka 1926, na mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia yakahitaji mikono, na mikono mingi ilitoka Bungoma. Babu yangu alikwenda huko kijana, miaka ya 1940, akalima mahindi ya mtu mwingine. Baada ya uhuru watu wetu wakaungana kwenye vyama na kampuni za ardhi, wakanunua vipande vya mashamba yale yale waliyoyalima. Leo Trans Nzoia inaitwa ghala la chakula la Kenya, na jioni ile, tukipita barabarani, kila upande ulikuwa udongo mwekundu uliochanwa mistari, mahindi machanga yakisimama, na Mlima Elgon, Masaba kwa jina letu, umejifunika wingu hadi kiunoni.

Nilimweleza senge habari ya kiti cha kitambaa na firigisi. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine. Alisikiliza akimenya vitunguu.

"Babu yako alifanya kazi huku miaka thelathini," akasema. "Unajua alikuwa akirudi Sang'alo afanye nini kwanza? Hakuingia ndani. Aliweka mzigo mlangoni, akachukua panga, akazunguka ua. Akikuta mahali palipolala anapasimamisha. Chai akaikuta imepoa. Nyanya yako alikuwa akikasirika, lakini hakuna aliyewahi kumwita mgeni." Akainua kisu akaninyooshea. "Wewe ulikalishwa kwa sababu ulikubali kukaa."

Asubuhi alinipa gunia dogo la maharagwe ya mbegu, nikapanda matatu ya kwenda Webuye. Njia ile naijua kwa kichwa: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, kisha barabara inateremka na Mto Nzoia unaonekana. Utotoni tulijua Webuye imekaribia kabla ya kuiona, kwa harufu kali ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kama kabichi iliyochemshwa mno. Wageni waliziba pua. Sisi tulishangilia, maana harufu ile ilikuwa nyumbani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, na ingawa baadaye kilipata mwenye kukinunua, harufu ile sikuisikia. Nilifungua dirisha la matatu nikavuta hewa hata hivyo. Ukiwa ng'ambo unasahau kwamba harufu ilikwisha zamani. Unaikosa siku unaporudi.

Bungoma mjini sikukawia. Bodaboda ilinichukua njia ya Mumias, vilima vya Sang'alo vikijitokeza na mawe yake makubwa, na saa nane mchana nilikuwa mlangoni. Kiti cha kitambaa kilikuwa mahali pake. Nilimkumbatia mama, nikauliza, "Mayi, ua wa nyuma vipi?" Akanishangaa. Nikaenda kuutazama. Ulikuwa mzima, hakuna cha kusimamisha. Mama akanirudisha ndani kwa mkono, kuku akachinjwa, firigisi ikaja. Safari hii niliikata vipande vitatu, kimoja nikampa mdogo wangu, kimoja nikamwekea mama. Alikitazama kwa muda mrefu. Halafu akakila, akiwa amesimama karibu na jiko, amenipa mgongo.

Siku ya pili mvua ilinyesha tangu mchana, tukakaa ndani tukichambua saga na kunde.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tulifundishwa methali hiyo shuleni kama onyo kwa mgeni mzembe. Asubuhi ya siku ya tatu niliamka kabla ya mama kuniamsha, nikavaa leso na gambuti za mdogo wangu, nikatoka. Mama alikuwa ameshatangulia, yuko mlango wa ghala, na mkononi ana majembe mawili. La kwake nililifahamu. La pili lilikuwa dogo, mpini wake mfupi umelainika kwa kushikwa, na karibu na shingo ya chuma kuna alama ya kisu. Baba aliuchonga mpini ule nilipokuwa darasa la sita, akaukata kwa kipimo cha bega langu, akaweka alama ili ndugu zangu wasiuchukue.

"Bado lipo?" nikauliza.

"Liende wapi? Watu wamekuja kuazima. Nikawaambia lina mwenyewe."

Miaka mitatu. Nilikuwa nimeishi Doha nikiwaza kwamba nafasi yangu katika nyumba ile imezibwa na fedha ninazotuma, kumbe ilikuwa imeegemezwa ukutani, nyuma ya magunia, ikilindwa dhidi ya majirani.

Ilikuwa palizi ya kwanza. Mahindi yalikuwa yamepita kifundo cha mguu, udongo mweusi wa mvua ya jana ukinata kwenye jembe. Mama alichukua mistari miwili, mimi mmoja. Kabla ya saa tatu viganja vyangu vilikuwa vimeota malengelenge, na mgongo ukanikumbusha miaka yote niliyosimama nyuma ya meza. Sikusema kitu. Mama alikuwa mbele yangu hatua ishirini, mgongo wake umepinda vile vile ulivyopinda tangu nimfahamu, majani yakiruka kando kwa kila pigo. Jua lilikuwa limepanda juu ya Sang'alo, na kwa mara ya kwanza tangu 2022, saa yangu na jua langu na mama yangu vilikuwa mahali pamoja.

Ndipo jembe likanitoka vibaya, likapita chini ya mche, mche ukaanguka.

Mama aligeuka. Sijui aliusikiaje. "Umekata mahindi!" akapaza sauti, shamba zima likasikia, na jirani ng'ambo ya ua akainua kichwa. "Unaangalia wapi? Nimepanda kwa mkono wangu, wewe unakuja kukata? Inama, shika jembe chini, ulifundishwa na nani wewe?"

Niliinama. Nilishika jembe chini, kama baba alivyonifundisha. Machozi yalikuwa yananitiririka na sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na udongo. Mgeni hakemewi.